Vijana Wetu Walioko Marekani na Suala la Bastola

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Sahaba zake.

Mama mmoja wa Pemba ametuletea swali. Mwanawe anaishi Marekani na mke na watoto wawili wadogo. Tangu Oktoba 2023, mtoto wa Kipalestina wa miaka 6 alipouawa kwa kisu huko Illinois na mwenye nyumba waliyopanga, kijana hana raha. Amenunua bastola kwa kufuata sheria, anajifunza kulenga shabaha, na amekusanya vitabu vya kujihami. Mama anauliza: jee, dini inamruhusu?

Kujihami kunaruhusiwa. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi, seuze anayetetea watoto wake. Tulichotaka kujua sisi ni vitabu gani, kwani kijana akishika kitabu cha bunduki hukimbilia sura ya risasi na kuziruka zilizotangulia.

Vitatu tunavijua. Tungeanza na In the Gravest Extreme cha Massad Ayoob, cha mwaka 1980. Huyu ni mwalimu wa silaha, lakini hamu yake kubwa ni sheria: lini mtu ana haki ya kufyatua, na nini kinamngoja mbele ya polisi na mahakama akishafyatua. The Gift of Fear cha Gavin de Becker, cha 1997, si cha bunduki. Kinafundisha mtu kuisikiliza khofu yake inapomjia. Hicho mke akisome kabla ya mume, maana mengi humo yanahusu wanawake wanaofuatwa na kutishwa. Cha tatu ni kijitabu cha Jeff Cooper, Principles of Personal Defense, cha 1972. Ana misingi saba. Wa kwanza ni kuwa macho, na huo tunaukubali. Lakini umo pia msingi wa kutokuwa na huruma, na hapo tunaachana naye.

Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi katika darsa zetu wanaukumbuka mlango wa mshambuliaji. Huanzwa na lililo jepesi: maneno au kuomba msaada yakitosha, kupiga ni haramu, mkono ukitosha, fimbo ni haramu. Na ukiweza kukimbia, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu. Adui akigeuka kwenda zake, haki ya kumpiga imekwisha. Majimbo mengi ya Marekani hayamlazimishi mtu kukimbia akiwa mahali anaporuhusiwa kuwapo. Kijana asidhani basi kwamba alichoachiwa na jaji ameachiwa na Mola wake. Akiwa nyumbani na wanawe wamelala, hilo ni jambo jengine. Hawezi kukimbia akawaacha.

Ametaka kujua pia kama aende nayo msikitini. Christchurch, New Zealand, tarehe 15 Machi 2019, waliuawa Waislamu 51. Katika msikiti wa Linwood, Abdul Aziz Wahabzada alimtokea muuaji kwa mashine ya kulipia kwa kadi, kisha akaokota bunduki tupu aliyoitupa muuaji mwenyewe, akairusha kwenye gari yake mpaka akaondoka. Agosti mwaka huo huo, huko Norway, Mohammad Rafiq, mzee wa miaka 65 aliyestaafu jeshi la anga la Pakistan, alimkaba mtu aliyeingia msikitini na bunduki. Hakuna kati yao aliyekuja kusali na silaha. Kwa hiyo tungeuliza kwanza: nani anakaa mlangoni watu wakisujudu? Mlango wa pili unajulikana? Aya ya 102 ya Surat An-Nisaa imeeleza sala ya khofu, kundi moja likisali na jengine likilinda. Ulinzi huo upangwe na viongozi wa msikiti, na silaha wakiiruhusu wao na sheria ya jimbo, ifunikwe. Mtume aliamrisha anayepita msikitini na mishale aishike kwenye ncha zake.

Lililobaki ni la wajukuu wa mama huyu. Bastola ifungiwe ndani ya kasha la chuma, risasi mbali nayo, na ufunguo akae nao baba mwenyewe, si juu ya kabati.

Wallahu aalam.