Mlinzi wa Kiota, Mgeni wa Naivasha



Sisi wa mwambao samaki wetu ni wa bahari: changu, tafi, nguru na kolekole. Juma hili twawaomba mfuatane nasi hadi bara, tumtazame samaki wa maji baridi aitwaye besi mwenye kinywa kikubwa. Huyu anaishi katika Ziwa Naivasha, lakini asili yake ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini.

Rangi yake ni ya kijani, na ubavuni ana ukanda mweusi. Taya lake la juu hupita nyuma ya jicho, na hiyo ndiyo alama ya kumtambulia. Hapendi kufukuzana na windo kwa masafa marefu. Hujibanza katika magugu au chini ya gogo lililozama, akatulia kimya. Windo likikaribia, hufunua kinywa ghafula, maji yakavutwa ndani pamoja na windo lenyewe. Hula samaki, kamba, vyura na wadudu. Hata wadogo wa jinsi yake hawasalimiki.

Lakini mlaji huyu ana upande mwingine, nao ndio uliotushughulisha zaidi. Wakati wa kuzaana, dume hutafuta mahali penye maji ya kina kifupi, akafagia chini kwa mkia mpaka papatikane kishimo. Jike hutaga mayai kwa maelfu, kisha huenda zake. Malezi yote humwangukia baba. Huyapepea mayai kwa mapezi ili yapate maji safi, na humfukuza kila anayesogea, huku mwenyewe akila kidogo mno. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na wachanga huendelea kumzunguka baba yao kwa majuma kadhaa. Mvuvi akimwondoa hapo, samaki wengine hukivamia kiota mara moja. Kwa sababu hiyo, jimbo la Ontario huko Kanada huweka majira ya kuzuia uvuvi wake.

Samaki huyu aliletwa Naivasha mwaka 1929, ili wazungu walowezi wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana. Miaka michache kabla yake, mwaka 1925, tilapia walikuwa wamekwisha kutiwa ziwani. Kabla ya wageni hao, Naivasha ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo mno, wa jamii ya wale ambao macho yao hung'aa kama taa. Mara ya mwisho kuripotiwa kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Leo amehesabiwa kuwa ametoweka, na besi ndiye anayetuhumiwa zaidi kuwa chanzo.

Je, tumlaumu besi? Hakufanya ila lile aliloumbwa kulifanya. Huko kwao, vidagaa wamekaa naye tangu zama za kale. Wanamjua na wanajua kumkimbia. Kile kidogo cha Naivasha hakikuwahi kukutana na kinywa kama hicho. Kosa ni la mkono uliomhamisha bila kuuliza ni nani aliyetangulia kuishi pale.

Wala jambo hili si la walowezi peke yao. Baadhi ya majumba yetu yana samaki wa mapambo katika vioo. Mtoto akiwachoka, au familia ikihama, huonekana kuwa ni huruma kuwamwaga mtoni au bwawani. Twawasihi, akina mama na akina baba, msiruhusu hilo. Mpeni jirani anayefuga, au mrudishieni muuzaji. Na mkisha kuwasimulia watoto habari za baba alindaye kiota, wasimulieni pia habari za yule mdogo wa Naivasha, maana huruma kwa kiumbe mmoja isiwe maangamizi ya mwingine.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.