MKE ALIYE UARABUNI NA AKIBA YA UZEENI



Juni ikikaribia, maneno ni yale yale steshenini na kwenye njia ya reli: fomu ya kodi. Siku ya mwisho ni tarehe 30, na wengi wetu humkimbilia kijana wa saiba mjini Kakamega siku mbili kabla. Leo hatusemi habari za foleni. Twasema habari za wenzetu ambao wake zao wanafanya kazi Saudia au Qatar. Fomu humwuliza mume kama ataka kutangaza mapato ya mke wake. Ajibu nini, ikiwa mke yuko Jeddah mwaka wa pili sasa?

Wengi husema: mke ametoka nchini, basi si mkazi, basi kodi ya Kenya haimhusu. Sivyo. Kwa sheria ya kodi, mtu mwenye makao ya kudumu hapa Kenya ni mkazi katika mwaka wo wote aliofika nchini, hata akikaa siku chache tu. Asiye na makao ndiye huhesabiwa siku: 183 katika mwaka mmoja, au wastani wa siku 122 kwa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia. Basi mama mwenye nyumba yake Lugari, akija Krismasi wiki tatu kuwaona watoto, ni mkazi wa mwaka huo, na mshahara wake wa Jeddah wahesabiwa hapa. Asipokanyaga Kenya mwaka mzima, si mkazi. Ajabu ya sheria hii ni kwamba anayekuja kuwaona watoto ndiye adaiwaye.

Tupige hesabu. Mtumishi wa nyumbani alipwaye riyali 1,000 hupata kama shilingi 34,000 kwa mwezi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla ni shilingi 4,983. Ondoa nafuu ya shilingi 2,400 apewayo kila mkazi, yabaki 2,583 kwa mwezi, karibu 31,000 kwa mwaka. Saudia haitozi mishahara kodi ya mapato, basi hana risiti ya kodi ya kule ya kupunguzia ya hapa. Shilingi 31,000 ni karo. Ndiyo sababu watu huandika sifuri na kunyamaza. Sisi hatumshauri mtu kuandika sifuri kama si kweli, kwa maana deni la kodi huongezwa faini na riba, nalo humngoja mtu siku anaporudi na kutaka kufungua duka.

Na tuulize sheria hii ilimtazama nani ilipoandikwa. Kodi ya nyumba ya 1901 ilimtoza mume kwa nyumba ya kila mke. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973, iliyoanza kazi Januari 1974, haikwenda mbali na hapo: kifungu cha 45 kilisema mapato ya mke akaaye na mumewe ni mapato ya mume. Baadaye mke aliruhusiwa kujaza fomu yake mwenyewe akipenda. Lakini soma ile orodha ya wake wasiohesabiwa kuwa wanakaa na waume zao. Kuna aliyetengana na mumewe kwa amri ya korti au kwa maandishi. Kuna ambaye kutengana kwao kwaelekea kuwa kwa daima. Na kuna mke mkazi ambaye mume wake si mkazi. Walimwona mume aendaye na mke abakiye. Hawakufikiri kwamba siku moja mke ataondoka na mume atabaki na watoto.

Sisi wa reli twajua habari ya mume aendaye. Baba zetu walikaa Muthurwa, Nairobi, na mama zetu walikaa huku wakilima. Mume alistaafu na malipo yake, na mama alistaafu na jembe. Leo mambo yamegeuka: mama ndiye aliye mbali, lakini uzee wake bado ni ule ule wa jembe, na jambo hili latuuma kuliko kodi yenyewe.

Mwanachama aliye kazini hukatwa asilimia 6 kwa NSSF, na mwajiri huongeza asilimia 6, kama sheria ya 2013 ilivyoagiza na kama ilivyoanza kukatwa Februari 2023. Akiweka zaidi katika mfuko wa uzeeni uliosajiliwa, hupunguziwa mapato ya kutozwa kodi hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, ambapo kabla ya Desemba 2024 ilikuwa 20,000. Mke aliye Jeddah hana mwajiri wa kumwongezea. Kanuni za Saudia za 2013 ziliwaahidi watumishi wa nyumbani mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka minne mfululizo. Mwezi mmoja kwa miaka minne! Na mume akimwekea mkewe akiba ya uzeeni kwa jina la mke, mume hapati punguzo lo lote. Wakati wa kutoza, sheria iliwaona kuwa mwili mmoja. Wakati wa kuweka akiba, kila mtu na lwake.

Huko Marekani, mwenye mke asiye mkazi aweza kuchagua ahesabiwe mkazi, wakajaza fomu moja. Hapo mapato yote ya wawili, ya po pote duniani, huingia. Lakini fomu hiyo hiyo humpa mwenye mshahara ruhusa ya kuweka akiba kwa jina la mwenziwe asiye na mshahara. Twataka chama chetu kiidai hapa. Na sheria iseme wazi kwamba afanyaye kazi ng'ambo akiweka shilingi 10,000 za mshahara ule wa 34,000 katika mfuko uliosajiliwa, atozwe kwa 24,000 zilizobaki, ambazo baada ya nafuu kodi yake ni sifuri. Serikali ipoteze shilingi 2,583, na mama apate 10,000 za uzee wake.

Wakati tukingoja, kila mmoja na ajaze fomu yake kwa PIN yake. Mpango wa NSSF uitwao Haba Haba huanzia shilingi 25 kwa siku, nao hauhitaji mwajiri. Mume asizimalize pesa zote za mke kwa mabati. Na risiti za pesa alizotuma zitunzwe, kwa maana Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, ila mchango wake uonyeshwe. Katiba, kifungu cha 45(3), yawapa wawili haki sawa ndani ya ndoa. Mume mwenye hati ya shamba kwa jina lake peke yake, aliyonunua kwa riyali za mkewe, twamwomba apite ofisi ya ardhi kabla mama hajarudi.