Kisanduku cha Spana Ndani ya Gari la Nyumba

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kisanduku cha dawa za haraka kinachofaa kuwekwa katika kila nyumba. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kisanduku cha pili, ambacho mahali pake si kabatini bali ni nyuma ya kiti cha gari. Huenda msomaji akastaajabu na kusema: mwalimu wa madrasa na spana wapi na wapi? Hatumlaumu. Sisi wenyewe tulikuwa tukidhani hivyo, mpaka usiku mmoja ulipotufundisha.

Hapa kwetu Bomang'ombe tunakaa penye njia kuu. Atokaye Arusha kwenda Moshi hutupitia, na aendaye Sanya Juu hapa ndipo akatapo kona. Gari si anasa tena kwa watu wetu. Nyumba nyingi zina Toyota iliyokwisha tumika Japani, nayo ndiyo ipelekayo watoto shule, ndizi sokoni, mgonjwa hospitali na maiti makaburini. Lakini nyumba hizo hizo, ukifungua nyuma ya gari, aghalabu utakuta jeki yenye kutu na tairi la akiba lisilo na upepo, basi.

Usiku huo, baada ya sala ya Isha, jirani yetu alitujia mbio. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, na mkunga alikwisha sema apelekwe Moshi bila kukawia. Tukatoa Noah ya madrasa. Tulipokwisha pita Kwa Sadala, mama yule akaomba tusimame kidogo apate kupumua, maana alitaka kutapika. Tukasimama, tukazima gari. Tulipotaka kuwasha, likatoa sauti ndogo ya kugota, taa zikafifia, kisha kimya.

Tukafungua boneti. Kichwa cha waya wa betri kilikuwa kimelegea hata chaweza kuzungushwa kwa vidole. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ndio huo tu, na dawa yake ni spana namba 10. Nasi hatukukosa spana! Tulikuwa na sanduku la kung'ara, tulilolinunua kwa furaha kwa sababu liliandikwa kuwa lina vipande zaidi ya mia. Tukatoa namba 10, tukaitia, tukavuta. Mdomo wa spana ukapanuka kama uliofinyangwa kwa udongo, nao ukazilainisha pembe za nati. Tukavuta tena, ikateleza tena. Nyuma yetu mama yule alikuwa akilia kwa maumivu, na mumewe akituangalia bila ya kusema neno. Macho yale hatujayasahau.

Mwenyezi Mungu akamleta dereva wa lori. Alisimama, akatazama, akarudi kwenye lori lake na kuleta kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na vyuma visivyozidi ishirini, vyeusi kwa mafuta. Akachagua soketi namba 10, akaishika nati ile iliyokwisha haribika, akaikaza. Kazi yote haikufika dakika mbili. Tulifika hospitali kwa salama, na alfajiri akazaliwa mtoto wa kike. Lakini tulirudi nyumbani tukijiuliza: lau lori lile lisingepita, tungemwambia nini jirani yetu?

Basi somo la kwanza ni hili: usinunue wingi wa vipande, nunua vile vinavyolingana na gari lako mwenyewe. Kabla ya kwenda dukani, muombe fundi wako azunguke gari nawe, mpime kila nati ambayo mtu aweza kulazimika kuigusa njiani: kichwa cha betri, magurudumu, bolti za mkanda wa feni, nati ya kutolea oili. Andika namba zake katika karatasi. Kwa Toyota nyingi utakuta 10 kwa betri, 12 na 14 mahali pengi, 14 kwa nati ya oili, na 21 kwa magurudumu. Lakini pima, usikisie, maana mwenye gari wa kabla yako huenda alibadili nati.

Namba hizo ni milimita. Mwenye Land Rover ya zamani ajue kwamba nati nyingi za magari yale ya Kiingereza zilipimwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, ukitia spana namba 13 itaingia, lakini itacheza, na spana ichezayo ndiyo ilayo pembe za nati. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hivyo hiyo yaweza kufunguliwa kwa namba 19 bila ya madhara. Nyinginezo, mtu atafute spana za inchi.

Somo la pili ni umbo. Soketi zina za pembe sita na za pembe kumi na mbili. Ya pembe kumi na mbili ni nyepesi kuitia mahali pembamba, walakini ya pembe sita huikamata nati ubavuni, si kwenye ncha, na kwa sababu hiyo huweza kufungua hata nati iliyochakaa. Anayeanza na achague pembe sita. Na spana za mkono achukue zile zenye mdomo wazi upande mmoja na duara upande wa pili: duara la kulegezea na kukazia kwa nguvu, mdomo wazi la kumalizia.

Sasa tutaje vya kutia kisandukuni. Spana za namba 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19. Soketi za pembe sita za namba zilizomo katika karatasi yako, pamoja na mkono wake uzungukao upande mmoja, na kipande kimoja cha kurefushia. Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota. Koleo moja imara. Spana ya magurudumu yenye mkono mrefu. Geji ya upepo na pampu ndogo. Tochi ya kuvaa kichwani, kwani anayefanya kazi usiku huhitaji mikono yote miwili. Waya nene mbili za kuazimia nguvu ya betri ya gari jingine. Fyuzi za akiba, kila moja kwa namba yake. Na ijulikane kwamba kutia fyuzi ya namba kubwa kuliko iliyoandikwa ni kukaribisha moto ndani ya gari. Ongeza tepu ya umeme, kitambaa, glavu, na kipande cha ubao wa kuweka chini ya jeki, kwa maana vumbi letu la tambarare na tope la mlimani vyote viwili huimeza jeki. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuonya hatuna haja ya kuvitaja, kwani askari wa barabarani huvikumbusha vya kutosha.

Vyote hivi, isipokuwa spana ya magurudumu, pampu, waya, ubao na vitu hivyo viwili vya mwisho, vyaingia katika mfuko wa turubai wenye vijumba, ukakunjwa kama mkeka. Faida ya vijumba ni kwamba kimoja kikiwa kitupu, jicho hukiona mara moja. Na spana za jirani ni jambo linalojulikana: huazimwa kwa siku moja, zikakaa mwaka. Si vibaya kuazimana, tena ni wema. Lakini chombo cha gari kikitoka, kirejee kabla ya gari kuondoka.

Dukani, usidanganywe na mng'aro. Nenda na gari lenyewe, utie spana katika nati uone kama yacheza. Tazama mdomo wake kama pande mbili ziko sawa. Spana chache nzuri zilizotumiwa na fundi mwaminifu zaweza kukufaa kuliko sanduku jipya la vyuma laini. Ikiwa fedha ni chache, anza na namba 10, na za magurudumu, na koleo. Kisha ongeza kimoja kimoja kila mwezi.

Somo la tatu ni kiasi. Watu wetu hukaza nati za gurudumu kwa kupanda juu ya spana kwa miguu, wakidhani kwamba kukaza sana ndio usalama. Sivyo. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni nyutoni-mita 103, yaani kama kubonyeza ncha ya mkono wa nusu mita kwa uzito wa kilo 21 hivi. Ukizidisha, bolti hunyooka na mwisho hukatika. Kaza nati moja, kisha iliyo mkabala wake, si kwa kufuatana. Na baada ya mwendo wa kilomita 50 au 80 zijaribu tena.

Na mpaka wa kazi yetu ujulikane. Breki, usukani na miguu ya gari ni kazi ya fundi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ukifungua betri anza na waya wa hasi, ukifunga uwe wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Na gari likichemsha katika mpando wa Machame au Masama, usifungue kifuniko cha rejeta mpaka kipoe kabisa, kwani maji yale yamo katika mkandamizo na yatakurukia usoni.

Mwisho twawausia wazee wa nyumba: chombo bila ya ujuzi ni chuma tu. Siku moja ya mapumziko, liwekeni gari kivulini, mwite mama wa nyumba na vijana, wa kiume na wa kike, kila mmoja akaze kichwa cha betri na abadili gurudumu kwa mkono wake. Maana hatujui usiku wa haja nani atakuwa kwenye usukani. Sisi tangu siku ile, kila Ijumaa asubuhi huufungua mfuko wetu na kuvihesabu vyuma vyake. Na binti yule aliyezaliwa, ambaye sasa anasoma kwetu alifu na bee, hupenda kutushikia tochi.

Wassalaam.