Sabufa inapomeza maneno ya mtoto

Jumamosi jioni katika nyumba nyingi za Ngokolo, mjini Shinyanga, sabufa hutetemesha hadi vikombe kabatini. Mama anaita kutoka jikoni, mtoto haitiki. Anaambiwa "shika", yeye anasikia "pika". Wazazi huita ukaidi, kumbe mara nyingi sauti moja imeimeza nyingine.

Sikio zima husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Besi iko chini kabisa, chini ya 250 hivi. Irabu kama "a" na "o" zina nguvu, lakini "s", "sh" na "f" ni nyembamba na dhaifu, na sehemu kubwa ya sauti zake iko juu ya 2,000. Ndizo zinazotofautisha "pika", "fika" na "shika".

Ndani ya sikio kuna mrija uliojikunja kama konokono. Sauti nyembamba hupokelewa mlangoni mwake, nzito mwishoni. Kwa hiyo besi hupita mlangoni kwanza, na ikiwa kubwa huvuruga maneno yanayopokelewa hapo.

Baba anayeshinda kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu ana tatizo la ziada. Kelele huanza kuharibu uwezo wa kusikia sauti nyembamba, hasa kati ya 3,000 na 6,000. Akirudi nyumbani haelewi taarifa ya habari, anaongeza sauti. Besi nayo inapanda, na mtoto aliyekaa mkekani ndiye anayeumia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtoto, desibeli 75. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena.

Mzazi, kabla ya kupunguza sauti yote, punguza besi. Maneno yatasikika vizuri zaidi. Toa sabufa kwenye kona, kwani kuta mbili huikuza. Usiiegemeze kwenye ukuta wa chumba anacholala mtoto, maana besi hupenya tofali. Wakati wa masomo, zima kabisa.

Kisha mwite mtoto kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Kama bado haitiki, au kila mara anauliza "nini?", usichukue fimbo. Mpeleke hospitali akapimwe masikio.