Kudharau Si Kukaidi

Kitenzi cha Kiingereza "despise" kimetokana na Kilatini, na asili yake ni kumtazama mtu kutoka juu. "Defy" kilipitia Kifaransa cha kale, kikiwa na maana ya kuvunja ahadi ya utii. "Ignore" asili yake ni kutojua. Hayo ni mambo matatu mbalimbali.

Hata hivyo, wako watumishi na walimu wanaovifasiri vyote kwa neno moja: kudharau. Madhara yake hayaishii katika mtihani. Mtumishi aliyepuuza barua huandikiwa kwamba ameidharau ofisi. Aliyekataa amri waziwazi naye huandikiwa maneno yale yale. Makosa ni mawili, shitaka ni moja. Hiyo si haki.

Ni kasumba kudhani kwamba Kiswahili kina upungufu. Amwonaye mwenziwe duni humdharau. Amsemaye kwa kebehi humbeza. Asiyetia jambo maanani hulipuuza. Apingaye amri huikaidi. Mwalimu hana budi kuzifundisha tofauti hizo, na mkuu wa ofisi kuzipima kabla ya kutia sahihi. Lugha ya Taifa ikitumiwa kizembe, anayeumia ni mwananchi.