Ilani ya Kijenge: Hatukubali Tena Kuambiwa "Huna Kitu"

Sisi wa Kijenge, Arusha, tunaotetemeka, tunaoanguka, tuliogomewa na mguu ghafla, pamoja na ndugu wanaotupakia kwenye vifodi kutupeleka hospitali, tunaanzisha vuguvugu hili kwa sababu ya kauli moja: "Vipimo viko sawa, huna kitu."

Tunacho. Ni ugonjwa wa utendaji wa mfumo wa fahamu: ubongo haukujeruhiwa, ila unakosea kuuamuru mwili. Hatuigizi. Wala si mapepo, pamoja na heshima zote kwa wanaotuombea.

Mwaka 1962 wasichana 95 kati ya 159 wa shule ya Kashasha, Bukoba, walishikwa na vicheko na vilio wasivyoweza kuvizuia, hadi shule ikafungwa. Hali yao ni jamaa ya karibu ya yetu. Dunia ingali inaisimulia kama kichekesho.

Tunadai ugonjwa huu utambuliwe kwa dalili zake, si kwa kukosekana kwa ugonjwa mwingine. Tangu 1908 daktari Charles Hoover alionyesha njia. Mgonjwa amelala chali, anaambiwa akandamize kitanda kwa kisigino cha mguu mbovu: hauna nguvu. Kisha anyanyue mguu wa pili, ule mzima, huku daktari akiuzuia, na kisigino kile kile kinakandamiza barabara! Kwa mtetemo, mgonjwa agongegonge mdundo kwa mkono wa pili. Mtetemo ukikatika au ukiufuata mdundo, jibu linaanza kuonekana. Hapo panahitajika kitanda na mikono inayojua. Zahanati gani haina kitanda?

Na tuonyeshwe dalili hizo wenyewe. Aliyeuona mguu wake ukirudiwa na nguvu amekwisha kuanza tiba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aendelee hapo, na wa saikolojia pale anapohitajika.

Tunakataa kumezeshwa dawa za kifafa miaka nenda rudi bila kifafa. Hata hivyo asiziache mtu kwa uamuzi wake, maana wapo wenye magonjwa yote mawili. Na mwili ukipooza ghafla, kwanza ni Hospitali ya Mount Meru, mbio. Kiharusi hakisubiri ilani.

Tutaanza na zahanati zetu, kisha shule ambako wasichana wakianguka huitiwa mchungaji kabla ya mganga wa zahanati. Mchungaji aje. Mganga naye aitwe siku hiyo hiyo.