Tamathali za usemi si mapambo ya daftari

Tuko na ugonjwa mmoja katika masomo ya lugha, na inafaa tuuite kwa jina lake. Kijana wa humanite anaweza kukuambia bila kukwama metafori ni nini, litoti ni nini, ironi ni nini. Anaandika, anapata pointi. Lakini mzee akisema neno la fumbo mbele yake, anacheka tu, hana habari. Na huyo ndiye tunamwita msomi!

Kosa la kwanza ni la wale wanaofundisha kwa orodha. Wanafundisha kana kwamba tamathali zilikuja kwetu pamoja na Kifaransa, ndani ya sanduku moja. Kumbe Kiswahili kina majina yake: sitiari, tashbihi, tashihisi, tafsida, kejeli, mubalagha. Na hata mtu asiyejua jina hata moja alikuwa akifanya kazi yenyewe. Katika kyaghanda cha Wayira, pale wanaume walipokaa kuzunguka moto na kukata maneno, mzee mwenye akili hakumrukia mtu mbele ya wakwe zake. Alipitia njia ya mnyama, alisimulia sungura au chui, na mwenye kosa alijijua mwenyewe. Hiyo si hadithi ya kulaza watoto. Hiyo ni sheria iliyovaa nguo ya hadithi.

Kosa la pili ni la wale wanaojiita walinzi wa mila. Hao wanasema: methali ya wazee haiulizwi. Mimi nasema kinyume: methali isiyoulizwa imekufa. Tuchukue ile tunayoisikia kila siku: tembo wakipigana, majani ndiyo yanaumia. Sisi tunaokaa karibu na mbuga ya Virunga tunajua tembo anavyokanyaga. Lakini tazama vizuri sitiari hiyo inafanya nini. Inawapa wenye nguvu miguu na hasira, na sisi inatufanya majani. Majani hayana mdomo, hayachagui, hayaulizi tembo alitoka wapi. Methali inasema ukweli juu ya maumivu yetu, ni sawa. Lakini mtu akiirudia miaka na miaka bila kuiuliza, mwisho anakubali kwamba yeye ni majani kweli.

Tuchukue mfano mwingine, huu ni wa Kilingala, na kila mtu anaujua kwenye barabara na kwenye biro: madesu ya bana, ni kusema maharagwe ya watoto. Hiyo ni tafsida, neno laini linalofunika neno kali. Neno kali ni rushwa. Angalia ujanja wake: kati ya anayedai na anayetoa amewekwa mtoto mwenye njaa, hata ukikataa unaonekana unamnyima mtoto chakula. Mwanafunzi anayeelewa hilo ameelewa tafsida kuliko yule aliyekariri maana yake kwa mistari mitatu.

Watu wengine watasema: hayo ni mambo ya ushairi na ya mazungumzo, nathari inasema wazi. Hapana. Nathari ndiyo inaficha zaidi, juu inaonekana haifichi. Soma matangazo yanayotolewa juu ya Beni tangu mauaji yalipoanza pale mwezi wa kumi 2014. “Watu wamekufa” si sawa na “watu wameuawa,” na “wameuawa” si sawa na “fulani amewaua.” Katika sentensi ya kwanza hakuna kosa, katika ya pili hakuna mkosaji. Tena kuna lile neno “wanaodhaniwa kuwa.” Mara nyingine ni uangalifu wa mtu mkweli asiyetaka kushitaki bila ushahidi. Mara nyingine ni blanketi. Nani atatofautisha, kama shule haikutufundisha kusoma?

Shaaban Robert alijua nguvu hiyo. Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Nchi yake ameiweka angani. Msomaji mvivu anasema: hadithi tamu ya safari za wajumbe. Msomaji aliyefunzwa anauliza: juu ya nini wajumbe wanaoleta mawazo mema wanapata adhabu badala ya shukrani? Hapo fumbo refu linafunguka, na nchi ya angani inashuka chini.

Najua jibu la walimu wengi: mtihani wa Leta unafanyika kwa Kifaransa. Ni kweli. Lakini Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inaagiza serikali iziendeleze. Nani alimkataza mwalimu kuanza na methali ya nyumbani, kiisha kutoa jina la Kifaransa? Mtoto aliyeshika tafsida ndani ya madesu ya bana hataisahau siku ya mtihani. Anayefundisha hivyo hapotezi saa, anaipata.

Vita vilipofika Kanyabayonga mwezi wa sita 2024, wengi walikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Nyumba haibebwi kichwani. Maneno yanabebwa. Lakini kuyabeba bila kuyaelewa ni kubeba mzigo uliofungwa, usijue ndani mna mbegu ama mawe. Kwa hiyo wazazi, walimu, wazee, kila usemi tuuulize mambo matatu: unafananisha nini na nini? Unamficha nani? Unamfaidia nani? Mtoto anayejua kuuliza hayo, awe kwenye kyaghanda, darasani ama mbele ya redio, hatadanganywa kwa urahisi. Na mila inayoogopa maswali hayo, tujiulize inamlinda nani.